Pampu ya Hamdani

Ufunguo wa nyumba ya pampu nilikuwa naufunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili. Nalala nao, naamka nao. Marehemu mume wangu, Hamdani, aliuvaa shingoni kwa uzi wa nyavu, na siku alipofariki shemeji zangu waliuvua wakanipa mkononi kabla ya kumwosha. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, ufunguo uko chini ya mto. Nilipotoka, Bwana Leodgar, fundi mkuu wa kituo, alikuja mpaka kwangu Ujiji, akavua kofia mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Walinzi wanapitia dirishani, wanapokezana pale kwenye pampu, na shimo limeshafurika mara mbili. Hakuna anayeijua ila wewe."

Ni kweli niliijua. Niliijua kwa kupeleka chakula. Miaka miwili kila adhuhuri nilimpelekea Hamdani wali au ugali wa muhogo, naye anakula huku sikio liko kwenye injini, nami nangoja vyombo. Ukingoja vyombo miaka miwili unaanza kusikia anachosikia mwenye kula.

Kituo chenyewe kilikuwa cha kupokelea wakimbizi, pale ufukweni kati ya Ujiji na Kigoma mjini. Maji machafu yote, ya vyoo, ya mabafu, ya kuoshea vyombo vya jikoni, yalishuka kwa mfereji mpaka kwenye chemba ndogo ya kutuliza mchanga, kisha yakaingia shimo kubwa la zege. Kutoka shimoni pampu ya dizeli iliyasukuma kupanda kilima mpaka kwenye mabwawa matatu, na huko yalikaa yakisafika kwa jua na kwa muda. Pampu isipofanya kazi shimo hufurika, na likifurika maji yale hayana pa kwenda ila ziwani, tunakochota wote. Kipindupindu tulikuwa tumeshakiona. Sihitaji kueleza.

Saa sikuwa nayo. Hamdani alinipa kipimo chake mwenyewe. Aliniambia, washa, vaa kanga safi, kaa kwenye benchi upande unaotoka upepo, soma Yasini. Ukimaliza ya tano shimo limekauka, zima. Na ndivyo ilivyokuwa. Nilisoma, nikamrehemu yeye, nikazima. Yasini tano, siku zote.

Nadhani mtu akisikia habari ya mjane kuipenda pampu ya majitaka atacheka. Mimi sikuipenda pampu. Nilipenda kwamba pale palikuwa na kitu ambacho Hamdani alikigusa kila siku, na sasa hakuna mwingine anayekigusa ila mimi.

Mwaka tisini na saba, watu wa Zaire walipokuwa wakishushwa kila siku kutoka kwenye maboti, akaja Mapendo. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, kitenge kimemkaa kama hakuvuka nacho ziwa. Wenzake walipelekwa kambini Kasulu kwa malori, yeye akabakizwa kwa sababu mama yake mzazi alikuwa amelazwa zahanati ya kituo na hawezi safari. Asubuhi moja akasimama mlangoni kwangu.

"Jambo, mama."

Jambo. Mimi nina wajukuu. Kwetu mtu wa umri wake angeniamkia shikamoo. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwao ndivyo wanavyoamkia, mkubwa na mdogo, lakini siku ile nilimjibu kwa ncha ya ulimi.

"Jambo. Unatafuta nini?"

"Nimesikia sauti ya pompe. Baba yangu alikuwa mutu wa pompe kule Uvira, kwenye kiwanda. Hakuzaa mutoto mwanaume, akanifundisha mimi."

Akaokota kijiti, akaingia, akaweka ncha moja kwenye ganda la pampu na nyingine sikioni, akafumba macho. Hamdani alikuwa akifanya vile vile kwa mpini wa bisibisi. Nilidhani ni yeye peke yake duniani.

"Mama," akasema, "hii pompe iko inakula muchanga."

"Hii pampu," nikamwambia, "ilikuwa inaendeshwa na mtu aliyeijua. Mchanga unabaki kwenye chemba, na chemba naisafisha kila Ijumaa."

"Labda Ijumaa iko mbali."

Nikamtazama mpaka akarudi nje. Nikafunga mlango nikiwa mimi niko ndani na yeye yuko nje.

Mambo ya watu yana haraka. Haikupita wiki mbili, Bwana Leodgar akija kukagua ananiamkia mimi vizuri sana, shikamoo mama, habari za nyumbani, wajukuu hawajambo, kisha anageuka. "Mapendo, unaonaje leo?" Na Mapendo anaona hiki, anaona kile. Beringi inapata moto. Bomba la kupandishia linatikisika pale kwenye kona. Bwana Leodgar mtu wa Bukoba, amesoma mpaka ng'ambo, anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Siku moja alimkabidhi spana yake mwenyewe, ile yenye mpini wa rangi nyekundu, ambayo hata Hamdani alikuwa akiiomba na kuirudisha.

Melania, mkuu wa jiko, mwanamke wa Kalinzi ambaye ulimi wake haukai, aliyaona yote kutoka kwenye mafiga yake.

"Mwakeye, Semeni," akaniamkia kwa Kiha, akanitaja na jina langu. "Naona umeletewa mke mwenza."

"Mke mwenza wa nani, na mume wangu yuko kaburini?"

"Wa pampu. Tena mdogo, tena fundi anamzungukia. Panga zamu mapema, mwenzangu, usije ukalala sebuleni."

Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka. Nyumbani sikucheka. Niliswali, nikakaa kwenye mkeka, nikajikuta tasbihi iko mkononi lakini nahesabu maneno ya Mapendo. Nilimwomba Mungu aniondolee husuda. Na hapo hapo, kwa pumzi ile ile, nikamwomba lori la Kasulu lije.

Nirudi nyuma kidogo nieleze habari ya sufuria, kwa sababu bila hiyo mengine hayaelezeki.

Mwezi wa Ramadhani mwaka ule sabuni ya jikoni ilikatika. Masufuria ya kituo ni makubwa, mtoto anaweza kuogea ndani, na uji wa mahindi ukishika chini unakuwa kama ngozi. Wakimbizi wa milimani walikuwa wanahangaika nayo kwa kucha na vijiti. Mimi mtu wa ufukweni siwezi kuona sufuria inakwanguliwa kwa kijiti. Nilichota mchanga ziwani, ule wa chembe kubwa, nikaleta na makapi ya chikichi niliyoyakamulia mawese nyumbani, nikawaonyesha pale kwenye sakafu ya kuoshea vyombo. Mchanga kiganja, makapi juu yake, zungusha. Sufuria ikang'aa ukajiona uso. Wakanishukuru, na mmoja alinibusu mkono. Tangu siku ile nilileta ndoo mbili kila alfajiri, ndoo zangu za bluu, na nia niliyoitia ilikuwa sadaka ya Hamdani. Kila sufuria inayong'aa, thawabu zimfikie yeye. Ramadhani ikaisha, sabuni haikurudi, nami sikuacha.

Mapendo alikuwa akinikuta njiani na ndoo zangu, akanipokea moja bila kuulizwa. Hilo nalo liliniudhi.

Basi mwezi wa nne Yasini zikaanza kuongezeka. Nilimaliza ya tano, nikachungulia shimoni, maji bado. Nikasoma ya sita. Wiki iliyofuata saba. Injini inanguruma vile vile, dizeli inaliwa vile vile, lakini juu kwenye bwawa maji yanatoka kama ya birika. Nilimwambia nani? Sikumwambia mtu. Nilianza kusoma haraka haraka ili hesabu isizidi, na hilo najua si la kumfurahisha Mungu.

Mapendo hakuhitaji kuambiwa. Alikuja na kijiti chake.

"Mama, tufungue tuangalie. Pangaboi ya ndani inaisha."

"Hamdani hakuwahi kuifungua."

"Labda wakati wake haikuwa na muchanga."

"Wakati wake hawakuwako watu wengi wa kujifanya wanajua."

Alikishusha kijiti chake. Kisha akasema polepole, "Mimi siitaki funguo yako, mama. Ninataka mama yangu asinywe maji ya choo." Akaondoka.

Lakini Melania alikuwa ameshaniambia kwamba Bwana Leodgar anaandika barua, kwamba mwisho wa mwezi nyumba ya pampu itakuwa na mshika ufunguo mmoja aliyethibitishwa, na jina bado hajalijaza. Nilijua kalamu yake inaelekea wapi. Niliona nitakavyokuwa: mwanamke wa Ujiji anayepita pale nje kama wapita njia wengine, akisikia pampu ya mumewe inalia na kuzimwa na mkono mwingine.

Kesho yake alfajiri nilifika na ndoo zangu mapema kuliko siku zote. Mapendo alikuwa amepiga magoti kwenye chemba ya mchanga, mfuniko umeondolewa, mkono umezama mpaka kiwiko. Mkono ukatoka na kopo la maziwa. Kopo limejaa mchanga. Akalifunika kwa kipande cha kitambaa, akalibeba kwa uangalifu, akaenda nalo upande wa zahanati. Hakuniona.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi macho yangu ni mazima. Niliona mkono unaochota, si mkono unaomwaga. Nilijua tofauti yake pale pale nilipokuwa nimesimama. Saa mbili nilikuwa mbele ya meza ya Bwana Leodgar.

"Baba, mimi sipendi maneno ya watu," nikamwambia. "Lakini leo alfajiri nimemkuta Mapendo kwenye chemba, mfuniko uko wazi, na kopo la mchanga mkononi. Na pampu inazidi kudhoofu tangu alipokuja. Mimi nimesema nilichokiona."

Kila neno lilikuwa kweli. Nimelirudia mara nyingi, silioni la uongo hata moja.

Bwana Leodgar aliweka kalamu chini. "Una hakika, mama?"

"Nimeona kwa macho yangu."

Uso ukamkauka. "Kuna lori la Kasulu Alhamisi," akasema, kama anajisemea. Nikatoka. Nilitegemea moyo ungetulia.

Saa nne alikuja na mafundi wawili na spana. Alimwita Mapendo, akamwita Melania kwa sababu maji ya jikoni ndiyo mengi, na mimi nikafungua mlango kwa ufunguo wangu. Ndoo zangu mbili za bluu zilikuwa pale ukutani, moja bado ina mchanga nusu, nilikuwa sijaifikisha kwenye vyombo.

Walifunga koki, wakafungua nati, wakavuta ganda la pampu. Nilikuwa sijawahi kuona ndani yake. Lile pangaboi linalosukuma maji, ambalo wao huliita impela, lilikuwa limeliwa. Mapanga yake yalikuwa membamba kama ukucha, kingo zimechongoka, na ganda lenyewe kwa ndani lina mifereji kama lililambwa na kitu chenye meno. Fundi mmoja alipitisha kidole akaguna.

"Mchanga," akasema Bwana Leodgar. Akamgeukia Mapendo. "Alfajiri ulikuwa na kopo la mchanga pale chemba. Sema mwenyewe."

Mapendo alinitazama. Alijua, maana hakukuwa na mtu mwingine aliyewahi kufika muda ule. Alikwenda zahanati akarudi na kopo, akaliweka sakafuni, akalifunua. Mchanga ulikuwa umetulia chini na maji juu yake.

"Nilichota, patron. Nilitaka kujua inatoka wapi. Ningekuwa natia, ningeweka ya nini chini ya kitanda cha mama yangu?"

Akamwaga maji taratibu, akamimina mchanga kwenye kiganja cha Bwana Leodgar. Haukuwa mchanga wa mvua, ule mwekundu unaoshuka na matope ya kilima. Ulikuwa mweusi wa masizi, unateleza kwa mafuta, una magamba ya uji ulioungua. Na ndani yake, nyuzi nyuzi za rangi ya kahawia iliyoiva. Makapi ya chikichi.

"Huu ni wa masufuria," akasema Bwana Leodgar. "Melania, jikoni kwako mnasugulia mchanga?"

Melania, ambaye ulimi wake haukai, mara hiyo ulikaa. Alitazama ukuta. Alitazama ndoo za bluu. Akatazama miguu yake.

Mapendo akawahi. "Ni sisi bakimbizi, patron. Sabuni ilikwisha, tukachukua muchanga. Makosa ni yetu. Sisi hatukujua inaenda wapi."

Amenibebea ndoo zile kwa mkono wake, huyu mwanamke. Anajua kila chembe imetoka wapi. Na asubuhi hiyo hiyo mimi nimempeleka kwa fundi kama mwizi, na Alhamisi kuna lori, na mama yake hawezi kukaa. Nilisimama pale nikiwa na ufunguo kwenye pindo, na sitasema uongo, wazo la kwanza lililonijia ni kwamba ningenyamaza yangekwisha hapo hapo. Wakimbizi wangeonywa. Pangaboi jipya lingekuja. Ufunguo ungebaki.

Kisha nikaona vile vipande vya makapi kiganjani kwa Bwana Leodgar, nikakumbuka nia niliyotia. Miezi mitatu nilikuwa nachota mchanga kwa jina la Hamdani, nautia ndani ya pampu ya Hamdani, na nikiwa juu ya benchi nasoma Yasini, mchanga unaikatakata.

"Mchanga ni wangu," nikasema.

Bwana Leodgar akageuka. "Unasemaje, mama?"

"Ni wangu. Nimeuleta mimi, ndoo mbili kila siku tangu Ramadhani. Ndoo ndizo hizo. Makapi ni ya kwangu nyumbani. Hawa niliwafundisha mimi, sisi watu wa ufukweni sufuria tunasugua hivyo, maji yanapita juu ya mawe yanarudi ziwani, hakuna pampu katikati. Sikufikiri." Nikamtazama Mapendo. "Na jingine. Alfajiri niliona anachota. Niliona wazi kwamba hamwagi. Nilipokuja ofisini nilijua."

Nje kuku wa Melania walikuwa wakiparura.

"Kwa nini, mama?" akauliza Bwana Leodgar, na sauti yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningeona nafuu.

Nilifungua fundo la kwanza, la pili likakataa kwa kuwa lilikuwa limekaa siku nyingi, nikalifungua kwa meno mbele ya watu. Nikampa ufunguo. Alisimama nao kidogo, akaugeuza. Kisha akampa Mapendo.

"Mpaka mama yako apone," akamwambia. "Baada ya hapo tutaona." Na mimi akaniambia, "Chemba ile haisubiri Ijumaa tena, mama. Kila siku. Hiyo itakuwa kazi yako, na masufuria yahame pale kwenye sakafu."

Tuliyahamishia kwenye ardhi kavu karibu na uzio. Wanasugua kwa majivu na makapi, na mchanga wakiutumia unabaki pale pale chini. Mimi kila alfajiri nafungua mfuniko wa chemba, nachota kwa koleo, namwaga kwenye toroli, nafukia mbali na maji. Ndoo za bluu nilimpa Melania. Alizipokea, akaenda kuchotea majivu.

Kwa Mapendo nilikwenda jioni ya siku ile ile zahanati. Alikuwa anamlisha mama yake uji. Nilimwambia, "Nimekukosea." Akasema, "Najua, mama." Akanisogezea kigoda. Mama yake akaniuliza mimi ni nani, Mapendo akamwambia, huyu ndiye mwenye pompe.

Mngependa niseme kwamba husuda iliisha. Haikuisha. Namwomba Mungu kila siku, na kila siku naikuta pale nilipoiacha. Nikimwona anafungua mlango kwa ule ufunguo, mkono wangu unatafuta fundo kwenye pindo la kanga. Ameutoa kwenye uzi mpya na kuutia kwenye uzi wa nyavu niliompa, ule wa Hamdani, na hata hilo nililitoa kwa shida.

Pangaboi jipya lilikuja kwa treni mwezi wa sita. Mapendo alilifunga yeye, mafundi wakimshikia taa. Siku ya kuwasha aliniita nikae kwenye benchi langu upande unaotoka upepo. Nikavaa kanga safi, nikaanza kusoma. Nilipomaliza ya nne, nikiwa bado sijafika katikati ya ile ya tano, nikasikia pampu inavuta hewa. Shimo limekauka. Chini ya wakati wa Hamdani.

Mapendo alitoka anatabasamu, jasho usoni. "Mama, umesoma ngapi?"

"Tano," nikamwambia.

Tangu siku ile nawahi benchi mapema, naanza Yasini ya kwanza kabla hajawasha, nasoma taratibu zaidi, kila herufi naipa haki yake, navuta pale pa kuvuta, nasimama pale pa kusimama, na anapozima mimi nakuwa nimemaliza ya tano sawasawa. Watu wanasema usomaji wangu umekuwa mzuri. Mungu anajua kwa nini.